Shajara ya mradi: kijitabu cha “however” na nduguze

Lubumbashi, 14 Januari

Kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza kijitabu chembamba, karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, kwa ajili ya watu wa Lubumbashi wanaoandika Kiingereza kazini ilhali shule yote waliisoma kwa Kifaransa. Watu hao ni wengi mjini hapa. Kuna mawakala wa forodha wanaoandikiana na wasafirishaji wa Zambia, Tanzania na Afrika Kusini kila malori ya shaba na kobalti yanaposhuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kuna mafundi wa migodini wanaotakiwa kujaza ripoti ya usalama kwa Kiingereza kwa sababu mkubwa wao hasomi Kifaransa. Kuna wanafunzi wanaotafuta nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo. Nyumbani wanaongea Kiswahili, ofisini Kifaransa, na Kiingereza kinaingia kwa mlango wa barua pepe.

Mada ni finyu kwa makusudi: maneno yanayounganisha wazo na wazo, kama “however”, “therefore”, “moreover”, “for example” na “as a result”, pamoja na alama zinazoyatangulia na zinazoyafuata. Sarufi nyingine yote tumeiacha nje.

Msamiati watu wanao. Orodha za viunganishi vya Kiingereza zimejaa kila mahali, nyingine zimebandikwa ukutani madarasani: safu ya kupinga, safu ya matokeo, safu ya kuongeza. Katika safu ya kupinga utakuta “but”, “however” na “although” yamepangwa kama ndugu wa tumbo moja. Maana zake zinakaribiana, ni kweli, ila kila neno lina namna yake ya kukaa ndani ya sentensi. Anayejifunza kwa orodha hizo huchomoa “but”, huchomeka “however” palepale, mkato hauguswi, na sentensi inaharibika bila yeye kujua. Kijitabu chetu kitapanga maneno kwa namna yanavyokaa kwenye sentensi kwanza, maana baadaye. Huo ndio uamuzi wa mwanzo na nitautetea hadi mwisho.

23 Januari

Tumekusanya sentensi. Tuliomba watu watuletee barua na ripoti zao za zamani, tukafuta majina, bei na namba za malori, tukabaki na lugha tupu. Tunaofanya kazi hii ni watatu: mimi, ambaye riziki yangu ni kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajatumwa, Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari, na dada mmoja wakala wa forodha, ambaye karatasi zake ndizo zimejaa mezani.

Kosa linaloongoza lina umbo hili:

“The pump was repaired, however, the pressure is still low.”

Mkato, “however”, mkato. Kwa macho inapendeza. Lakini kila upande wa hiyo “however” pana sentensi nzima: “the pump was repaired” inajitegemea, na “the pressure is still low” inajitegemea vilevile. Kiingereza cha kuandika hakikubali vishazi huru viwili vishikwe na mkato peke yake, na “however” haina nguvu ya kuvifunga, kwa kuwa ni kielezi tu. Kabla yake panatakiwa nukta au nukta-mkato, baada yake mkato:

“The pump was repaired; however, the pressure is still low.”

“The pump was repaired. However, the pressure is still low.”

Mwalimu alitaka tueleze kosa linakotoka, na yuko sahihi, maana mtu akijua chanzo haoni haya kujirekebisha. Kifaransa kinaruhusu sentensi mbili fupi zikae kando kwa kando na mkato katikati: “Il pleuvait, nous sommes restés à la maison.” Hicho ni Kifaransa kizuri kabisa. Kiswahili nacho ni hivyohivyo: “Mvua ilinyesha sana, kwa hiyo hatukutoka.” Hakuna mwalimu atakayeipiga kalamu nyekundu. Basi mtu wa hapa anapoandika “It rained, therefore we stayed at home”, lugha zake mbili zote zimemruhusu, ya tatu peke yake ndiyo inakataa. Maelezo hayo yamepata ukurasa wa kwanza.

4 Februari

Asubuhi nzima imekwisha kwenye sentensi moja, na ilistahili. Dada ameleta barua iliyotoka ofisini kwao kwenda kwa msafirishaji wa Ndola. Tukiifupisha inasema hivi:

“The first truck crossed on Monday. The second was held at the border, however, the client paid the parking fees.”

Hiyo “however” ni ya nani? Imekaa katikati ya sentensi mbili na kila moja inaweza kuidai. Ikivutwa nyuma, inapambanisha lori la pili na la kwanza:

“The second was held at the border, however; the client paid the parking fees.”

Yaani la kwanza lilivuka, la pili ndilo likazuiwa. Kisha, kama habari inayofuata, mteja alilipa ada ya maegesho. Ikisukumwa mbele, mambo yanageuka:

“The second was held at the border; however, the client paid the parking fees.”

Sasa upinzani uko kati ya kuzuiwa na kulipwa: lori lilikwama, hata hivyo gharama haikutuangukia sisi. Ya kwanza ni ripoti ya matukio tu. Ya pili inamtuliza msomaji kuhusu fedha. Nukta-mkato imeruka neno moja tu, na swali la nani anabeba mzigo wa gharama limebadilika sura.

Dada aliinama juu ya karatasi kwa muda, akasema, “Yaya, sisi tulitaka kusema ile ya pili. Yule wa Ndola alisoma ile ya kwanza, ndiyo maana alituuliza tena na tena tunamdai nini.”

Mfano huu unakwenda katikati kabisa ya kijitabu, matoleo yote mawili yakitazamana, ukurasa wa kushoto na wa kulia. Nimekutana na wengi wanaoamini kwamba alama ni mapambo, au ni ukali wa walimu. Ukiwawekea lori na bili ya maegesho mezani, mazungumzo yanabadilika mara moja.

17 Februari

Leo tumegawa maneno katika makundi matatu, na tumepata jaribio la kuyatenganisha ambalo fundi wa mitambo anaweza kulifanya peke yake bila kamusi. Jaribio ni kuhamisha neno. Chukua sentensi:

“The belt was old; however, it held.”

Jaribu kulihamisha neno ndani ya kishazi chake: “it, however, held”, “it held, however”. Yote yanasomeka. Neno linalohama hivyo ni kielezi. Kabla ya kishazi chake panataka nukta au nukta-mkato, na lenyewe hutengwa kwa mikato: mmoja likiwa mwanzoni au mwishoni, miwili likiwa katikati. Humo wamo “however”, “moreover”, “nevertheless”, “consequently”, “for example”, “in fact”, “on the other hand”.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa “but”: “it, but, held”. Haiwezekani. “But” imefungwa kwenye kiungo, mahali pake ni hapo katikati tu. Ndugu zake ni saba ukiihesabu yenyewe: “for”, “and”, “nor”, “but”, “or”, “yet”, “so”. Walimu wa Kiingereza huzikumbuka kwa herufi za mwanzo, FANBOYS. Zikiunganisha vishazi huru viwili, mkato unatangulia na hakuna mkato unaofuata: “The belt was old, but it held.”

Kundi la tatu ni “although”, “because”, “while”, “since”, “unless”. Hizi nazo hazihami ndani ya kishazi chao, lakini kishazi chote kinaweza kuhama pamoja nazo: “Although the belt was old, it held”, au “It held although the belt was old.” Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unawekwa mwisho wake. Kikifuata, mara nyingi mkato hauhitajiki, hasa kwa “because”: “The shift stopped because the belt broke.”

Mwalimu alikuwa na wasiwasi kwamba neno “kishazi” litawatisha watu. Tumeafikiana kuandika “sentensi inayoweza kusimama peke yake” mara ya kwanza, kisha “kishazi huru” kuanzia hapo. Msomaji mtu mzima anastahili kupewa jina halisi la kitu anachojifunza.

18 Februari

Umeme haupo tangu jana, mvua haijatulia. Tumeandika kwa mkono mifano ya “so”. Inawachanganya watu kwa sababu ina maana moja na “therefore” na ukaaji tofauti: “The road was cut, so we waited”, dhidi ya “The road was cut; therefore, we waited.”

3 Machi

Ukurasa wa “although”. Tumekuta mambo mawili kwenye barua, na yote yana mizizi hapa nyumbani.

La kwanza ni mkato unaofuata neno lenyewe: “Although, the driver had a permit, he was stopped.” Huo ni urithi wa zile orodha za ukutani. Mtu ameona “However,” ina mkato, “Although” iko mstari unaofuata, naye anaipa mkato wake. “Although” haitengwi na kishazi inachokiongoza. Mkato unangoja hadi kishazi kiishe: “Although the driver had a permit, he was stopped.” Ugonjwa uleule uko kwenye “such as,”. Baada ya “such as” hauwekwi mkato, moja kwa moja unataja vitu: “minerals such as copper and cobalt”.

La pili ni Kiswahili chetu kinachojitokeza kupitia Kiingereza. Sisi husema, “Ingawa dereva alikuwa na kibali, lakini walimsimamisha.” Ingawa mbele, lakini nyuma, na sikio la Mswahili linaridhika. Kiingereza hutumia moja kati ya hizo mbili. Ukishaandika “although”, “but” haina kazi tena katika sentensi hiyo. “Because” na “so” nazo ni vivyo hivyo: “Because the bridge was closed, so we turned back” ina kiungo kimoja cha ziada. Toa “so”, sentensi imepona.

Dada anataka ukurasa huu uwe na mifano mingi kuliko kurasa nyingine zote. Nakubaliana naye. Ni kosa ambalo msomaji wa Lusaka au Johannesburg analiona mara moja, wakati mwandishi wake ni mtu mwenye akili na uzoefu, anayestahili kusomwa kwa heshima.

11 Machi

Jambo dogo la mashine, lenye usumbufu mkubwa. Kompyuta nyingi hapa mjini zina kibodi ya AZERTY, yaani ya mpangilio wa Kifaransa. Kwenye kibodi hiyo nukta-mkato hupatikana kwa kubonyeza mara moja, ilhali nukta ya kawaida inataka ushike kitufe cha herufi kubwa kwanza. Kwa hiyo nukta-mkato tunayo chini ya kidole tayari.

Tatizo liko kwenye nafasi. Uchapaji wa Kifaransa huweka nafasi kabla ya nukta-mkato, nukta pacha, alama ya kuuliza na ya mshangao. Hati ikiwa imewekwa lugha ya Kifaransa, programu ya kuandikia huingiza nafasi hiyo yenyewe, na barua ya Kiingereza inatoka hivi: “The seal was intact ; however, the papers were missing.” Kiingereza hubandika alama kwenye neno lililotangulia: “intact; however”. Kufuta nafasi kwa mkono hakusaidii sana, kwa kuwa programu itairudisha ukiandika tena. Dawa ni kuchagua maandishi yote, kubadili lugha ya ukaguzi kuwa Kiingereza, ndipo uandike. Tumeweka maelezo hayo kwenye kisanduku chini ya ukurasa, pamoja na zile alama za kunukuu za Kifaransa ambazo nazo zinajipenyeza.

Tumechagua pia mazoea ya Uingereza, si ya Marekani, kwa kuwa majirani wanaosoma barua zetu, Wazambia kwanza, wanayafuata hayo. Kwenye mada yetu tofauti ni chache. Mojawapo ni “e.g.”: Wamarekani huweka mkato baada yake, Waingereza wengi hawaweki.

26 Machi

Leo tumebishana, Mwalimu na mimi, na ubishi ulikuwa na faida.

Yeye anataka kanuni isiyo na mlango wa nyuma: neno la kuunganisha likianza sentensi, mkato unalifuata, basi. Anasema mwanafunzi akipewa “inategemea” anaganda. Mimi nimesoma Kiingereza kizuri cha kutosha kujua kwamba kanuni hiyo ikifuatwa kikamilifu inazaa sentensi za kukwamakwama. “Then, the driver signed.” “Thus, the gate was closed.” Hazina kosa, lakini kila moja inamsimamisha msomaji bila sababu. Vielezi vifupi kama “then”, “thus”, “soon” na “now” mara nyingi hukaa vizuri bila mkato: “Then the driver signed.” “Therefore” iko katikati. Mwanzoni mwa sentensi wengi huipa mkato. Ndani ya sentensi, kati ya kiima na kitenzi, inapita bila alama yoyote: “We therefore closed the ramp.” Ukiizungushia mikato hapo inatoka kama mtu anayekohoa ili watu wamgeukie.

“However” ya kupinga haina uhuru huo, mikato yake ni ya lazima, kwa sababu kuna “however” nyingine isiyotaka mkato kabisa. Dada ndiye aliyetoa mfano, kutoka maisha ya Kasumbalesa:

“However long the queue is, the driver must stay with the truck.”

Hapa maana yake ni “hata foleni iwe ndefu kiasi gani”. Mkato ukiwekwa baada ya neno la kwanza, msomaji anapotea njia: “However, long the queue is” si kitu. Na kinyume chake, ukiandika “However long queues delay the trucks” bila mkato, msomaji anafika mwisho akiwa bado anangoja sentensi imalizike, kumbe ulitaka kusema hata hivyo, foleni ndefu huchelewesha malori. Mkato mmoja ndio unaotenganisha maneno mawili yaliyoandikwa sawa.

Lililotuchukua muda zaidi ni swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba linakatazwa: je, mtu anaruhusiwa kuanza sentensi kwa “However”? Na kwa “But”? Marufuku hiyo ina historia. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1918 alishauri “however” ya maana hiyo isiwekwe mwanzoni mwa sentensi wala kishazi. Ulikuwa ushauri wa mtindo, na waandishi wengi wazuri wameendelea kuanza nayo hadi leo. “But” nayo inaanza sentensi bila tatizo, mradi usiiwekee mkato: “But the seal was broken”, si “But, the seal was broken.”

Tumekubaliana hivi. Kijitabu kitasema: mkato baada ya “however” na “moreover” mwanzoni mwa sentensi, daima. Kwa maneno mafupi ya wakati na matokeo, soma kwa sauti, usipopumua usiweke. Mwalimu ameridhika na “daima”, mimi nimeridhika na kinachofuata.

19 Aprili

Tumekijaribu kijitabu mbele ya watu, katika chumba cha parokia moja huko Katuba. Walikuja makarani, mafundi wa migodini, wanafunzi, na baba mmoja anayeuza vipuri kutoka Kitwe ambaye alikuwa na maswali kuliko wote.

Jaribio la kuhamisha neno limefanya kazi. Watu walilifanya kwa sauti, wakacheka waliposikia “it, but, held”, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena “but” iko kundi gani. Mfano wa malori ulizua mjadala mrefu wa nani hasa alipaswa kulipa maegesho, na kila aliyebisha alilazimika kuonyesha kwa kidole nukta-mkato yake iko wapi. Sijawahi kuona watu wazima wakigombania alama ya uandishi kwa bidii hiyo.

Kuna jambo jipya lililojitokeza, na ni la kushughulikia. Mtu akishaonja nukta-mkato anaimwaga kila mahali. Tuliona “However; the truck left”, nukta-mkato ikiwa upande usio wake. Tuliona “The truck stopped; because the road was cut”, mahali ambapo kishazi cha pili hakiwezi kusimama peke yake na alama yoyote ni ya ziada. Kwa hiyo tumebadili mpangilio: kijitabu sasa kinafundisha nukta kwanza. “The truck was held. However, the papers were in order.” Njia hiyo haimwangushi mtu hata siku moja. Nukta-mkato inakuja ukurasa unaofuata, ikielezwa kama chaguo la wakati mawazo mawili yanahusiana kwa karibu kiasi kwamba nukta ingeyatenga mno. Anayeandika ripoti ya ajali saa nane za usiku baada ya zamu anahitaji nukta. Nukta-mkato atajifunza Jumamosi.

Baba wa vipuri aliuliza, “Mwalimu, na hiyo alama nani aliileta?” Mwalimu alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba ilichapwa kwa mara ya kwanza huko Venezia miaka ya 1490, katika karakana ya mchapaji Aldus Manutius, kwa sababu wachapaji walihitaji kituo kilicho kirefu kuliko mkato na kifupi kuliko nukta pacha. Baba akaandika jina la Manutius kwenye daftari lake la hesabu, chini ya orodha ya filta za mafuta. Tumeongeza mistari miwili ya historia hiyo kwenye kijitabu kwa ajili yake.

8 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi limerudi, kazi inakwenda haraka.

Ukurasa wa misemo inayobadilika kwa neno moja umekamilika. “In addition” ni kielezi, inatengwa kwa mkato: “In addition, we need the invoice.” Ukiongeza “to” inakuwa kiongozi wa kirai, mkato unasogea mbele: “In addition to the invoice, we need the certificate.” Ndivyo zilivyo “as a result” na “as a result of”, “instead” na “instead of”. Nne tano za mfano zinatosha.

Jambo la wingi limenishughulisha zaidi. Katika ripoti tulizokusanya kuna ambazo kila aya inaanza na “Moreover”, “Furthermore”, “In addition”, hata pale aya ya pili haiongezi chochote juu ya ya kwanza. Naelewa. Insha ya shuleni kwetu ilidai “d'abord, ensuite, enfin”, na mwalimu alitoa alama kwa kuviona. Lakini mhandisi anayesoma ripoti ya usalama anaamini kila neno. Akiona “therefore” anatafuta sababu, asipoiona anaanza kutilia shaka ripoti nzima. Tumeweka zoezi la kufuta: chukua aya yako, ondoa maneno yote ya kuunganisha, soma. Pale tu unapopotea, rudisha moja. Zoezi hili linapunguza makosa ya alama kuliko kanuni zetu zote, maana neno lisilokuwepo halihitaji mkato. Nililipigania liwe na ukurasa wake peke yake, na limepata.

30 Mei

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebaki wazi kwa ajili ya zoezi kubwa. Tuliamua liwe aya moja ya ripoti ya mgodini isiyo na alama hata moja, msomaji aziweke mwenyewe:

“the conveyor stopped at six nobody was hurt however the electrician had gone to Likasi as a result the shift lost four hours”

Kabla ya kuandika majibu tuliigawa kwa watu waliokuja Katuba. Wengi walirudisha hii:

“The conveyor stopped at six. Nobody was hurt. However, the electrician had gone to Likasi. As a result, the shift lost four hours.”

Wengine wakarudisha hii:

“The conveyor stopped at six. Nobody was hurt, however. The electrician had gone to Likasi; as a result, the shift lost four hours.”

Zote mbili ni Kiingereza safi. Ya kwanza inasema hakuna aliyeumia, ila fundi hakuwepo. Ya pili inasema mtambo ulisimama, ila hakuna aliyeumia. Mwanafunzi mmoja alileta ya tatu, nukta-mkato ikiwa baada ya “as a result”: “The electrician had gone to Likasi as a result; the shift lost four hours.” Alama zake ni sahihi pia. Ni kwamba sasa fundi wa umeme amekwenda Likasi kwa sababu mtambo ulisimama, na hilo aliyekuwepo zamu hiyo peke yake ndiye angeweza kulithibitisha.

Mwalimu alipendekeza turekebishe aya ili jibu liwe moja. Mimi na dada tulitaka ibaki, na majibu yote matatu yachapwe nyuma, kila moja na maelezo ya kilichotokea mgodini kulingana na alama zake. Tulizungumza hadi giza likaingia. Mwishoni Mwalimu alichukua kalamu, akaandika mwenyewe kichwa cha ukurasa wa majibu: “Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?”

Faili imekwenda kwa mchapaji. Dada ameagiza nakala za ofisi yao kwanza, na baba wa vipuri anataka zake zipelekwe kwa lori la Jumatano linaloelekea Kitwe.